Tibra na Tumbo la Naga

Bisibisi ya mkaguzi ilizama mpaka mpinini.

Lazhar aliiona ikizama kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa amesimama ndani ya shimo la ukaguzi wa magari pale Kibili, shingo ameipinda, akitazama tumbo la lori lake lililopakwa rangi nyeusi ya kung'aa miezi saba tu iliyopita. Mkaguzi, kijana mpole mwenye miwani, aliichomoa bisibisi taratibu, na nyuma yake ukamwagika unga mwekundu kama pilipili ya kusaga, ukamjaa Lazhar kwenye nyusi.

"Hapa hamna chuma, ami," kijana akasema. "Hapa rangi imeshikana na rangi mwenzake."

"Wewe! Lori hili limevuta basi zima kutoka kwenye chumvi!"

"Sibishi, ami. Lakini boriti hii ikikatika huku gari la watu linaning'inia nyuma, wewe ndiye utakayewaeleza wenyewe, si mimi."

Akamwandikia mwezi mmoja wa kutengeneza. Mpaka hapo, lori lisionekane barabarani likivuta hata baiskeli.

Watu wa Suk Lahad walilijua lori hilo kwa jina la Naga, ngamia jike, kwa jinsi lilivyoguna kila liliponyanyua mzigo. Kwa miaka kumi na tisa Naga alikuwa akienda Shatti, ule uwanda mpana wa chumvi, kuwatoa wenye magari walioiacha barabara ili wapige picha pale palipo peupe zaidi. Ukoko wa chumvi ukivunjika, gari huzama hadi milangoni katika tope lililo chini yake, na hapo ndipo mtu humkumbuka Lazhar. Kila safari Naga alirudi tumbo limelowa maji ya chumvi, akalala nalo hivyo hivyo. Asubuhi Lazhar alimwosha kioo, boneti na milango, yaani kila mahali ambapo watu huona. Tumbo lilikuwa kazi ya fundi Nuri, mpaka rangi mwenye karakana nyuma ya soko la tende, na Nuri alikuwa amelipaka mara mbili katika miaka miwili.

Lazhar aliingia nyumbani akitukana. Alimtukana mkaguzi, akamtukana Nuri, akaanza kuitukana na chumvi, kisha akakumbuka nani aliyeiumba, akanyamaza na kuomba chai.

Mkewe, Tibra, alimwekea chai mbele yake, akatoka uani. Akainama kando ya gurudumu la nyuma, akaingiza mkono chini ya lori, akabandua gamba la rangi lililokuwa limelegea. Lilikuwa kubwa kama kiganja. Upande wa nje lilikuwa jeusi, laini, zuri la kutazamwa. Akaligeuza. Ndani lilikuwa jekundu, na katika wekundu huo mlikuwa na chembe nyeupe kama za sukari. Akalivunja vipande viwili, akalinusa.

Aliporudi ndani alisema neno moja tu. "Amepaka juu ya uchafu."

"Nani?"

"Nuri. Mara zote mbili."

"Na wewe tangu lini unajua mambo ya rangi?"

Swali hilo Lazhar alilitoa kwa hasira, lakini lilikuwa swali la haki, maana katika miaka ishirini na minane ya ndoa hakuwahi kumsikia mkewe akizungumzia chuma. Hakuwahi pia kumuuliza. Tibra alikuwa binti wa Salim, mtia bati wa mji wa Nafta. Zamani, kabla alumini haijaingia kila jiko, watu walimletea Salim masufuria yao ya shaba yaliyochakaa ndani, naye aliyavika bati upya yakarudi meupe kama mwezi. Kazi yenyewe ya bati ilikuwa ya muda mfupi: moto, kipande cha bati, donge la pamba, mkono mwepesi. Kazi ndefu ilikuwa kusafisha. Salim aliingia ndani ya sufuria miguu mitupu, akaweka mchanga na majivu chini ya nyayo, akashika ukuta kwa mikono miwili na kujinyonga kiuno kulia na kushoto, kulia na kushoto, mpaka shaba ikatoka nyekundu kama ulimi. Vyombo vidogo alipewa Tibra, mtoto wake wa kwanza. Na akivimaliza, baba alivigeuza kwenye jua, akaona doa jeusi lisilozidi kiroboto, akamrudishia. "Hapa halitashika," alimwambia. "Rudi."

Aliambiwa rudi maelfu ya mara, akarudi. Kisha alumini ikaja, Salim akauza mivukuto yake, binti akaolewa Suk Lahad, na ujuzi ule ukalala ndani yake bila mtu wa kuuamsha.

Kesho yake asubuhi Nuri alikuja mwenyewe, kopo la rangi mkononi, uso umejaa aibu na maneno. Akasema atapaka mara ya tatu, na safari hii atapaka nene.

"Usipake," Tibra akamwambia.

"Dada Tibra, mimi nimeanza kupaka magari kabla wewe hujaolewa."

"Ndiyo. Na yote yakabambuka kabla sijazaa."

Lazhar alicheka bila kutaka, chai ikampalia. Nuri akageuka mwekundu. "Haya," akasema, akiweka kopo chini kwa kishindo. "Kama ni rahisi hivyo, ingia wewe huko chini."

"Nitaingia."

Nuri alipoondoka, kicheko kilikuwa kimemwisha Lazhar. "Utaingia wapi, wewe mwanamke? Mtaa mzima umwone mke wangu amelala chali chini ya lori?"

"Hawataniona mimi. Wataona miguu," Tibra akasema. "Nipe ile suruali yako ya kijani."

*

Walimnyanyua Naga kwa jeki, wakamweka juu ya mataruma manne ya reli pale uani, na Tibra akaingia. Alivaa suruali ya kijani, miwani ya kuchomelea, na kitambaa puani na mdomoni. Kwa siku nzima ya kwanza hakukwangua kitu. Alilala na nyundo ndogo, akagonga. Aligonga kila boriti, kila pingili, kila bamba, kuanzia mbele kwenda nyuma, akisikiliza. Mahali pazima chuma kilimjibu kwa sauti ya juu, safi. Palipooza kilijibu kama mtu aliyefunikwa blanketi. Hapo alichora alama kwa chaki.

Majirani hawakuwa na haya. Kichwa kimoja kilichungulia juu ya ukuta, kikaita: "Tibra! Mumeo yuko wapi?"

"Yuko jikoni, anatupikia mkate wa mtabga!" ikajibu miguu.

Kicheko kilisikika nyumba tatu. Jioni ile, mkahawani, wanaume walimuuliza Lazhar kama siku hizi pia anasuka nywele, naye akaondoka bila kumaliza kahawa yake. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe anajimwagia maji mgongoni kwa kata, mabega yamemvimba, na alama za chaki kwenye Naga zilikuwa kumi na moja.

Makki, fundi wa kuchomelea, aliletwa kukata palipooza na kutia chuma kipya. Alikuwa mtu wa maneno machache na majivuno mengi. Aliingia chini na nyundo yake, akagonga juu ya kila alama, akatoka akijifuta mikono.

"Nani amechora hizi?"

"Mke wangu," Lazhar akasema, macho kwenye viatu vyake.

"Zote kumi na moja ziko sawa," Makki akasema. "Mimi mwenyewe, mbili ningezipita." Kisha akawasha moto wake, na Lazhar akabaki amesimama pale na sentensi ile kwa muda mrefu.

Baada ya Makki, kazi ya kukwangua ilianza. Tibra alikwangua rangi ya Nuri ya pili, akakuta ya kwanza. Akakwangua ya kwanza, akakuta nyingine ya kijani iliyokuja na lori kutoka Safakis. Chini ya hizo zote kulikuwa na kutu iliyolala matabaka matabaka kama mkate wa kukunja. Palipokuwa wazi alitumia grinda. Kwenye kona, nyuma ya mabamba na kuzunguka vichwa vya misumari ya ribiti, alitumia brashi ya waya, na pale ambapo brashi haikufika alitumia msasa aliouzungushia kidole. Magamba yalimwangukia usoni siku nzima. Usiku alilala ubavu mmoja, maana mwingine haukulalika. Alipofika siku ya tisa tumbo lote la Naga lilikuwa jeupe la kijivu kama samaki aliyeparuliwa, na Tibra, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, alimwita mumewe aje kutazama. Lazhar akaja, akapiga magoti, akatazama. "Mashallah," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza jema juu ya jambo lile. Wakakubaliana kupaka rangi kesho, wakaenda kulala.

Asubuhi Tibra alitoka na kopo na brashi, akainama, akamkuta Naga amepakwa hina.

Umande wa Shatti ulikuwa umepita pale alfajiri. Chuma chote alichokisafisha kwa siku tisa kilikuwa na ngozi mpya ya rangi ya chungwa, kuanzia mbele hadi nyuma, bila kusaza hata mahali pa kuweka kidole. Alipangusa kwa kitambaa, kitambaa kikawa chekundu. Akageuza ndoo, akaikalia, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na Lazhar aliyetoka mbio akidhani amefiwa alisimama mlangoni asijue pa kuweka mikono.

"Basi, Tibra," akasema hatimaye. "Umejaribu. Nimpigie Nuri."

Tibra akapenga kamasi kwenye pindo la suruali ya kijani. "Baba hakuwahi kusafisha masufuria kumi kisha akalala," akasema, na hakuwa akimwambia Lazhar. "Alisafisha moja, akalivika moja. Nimekuwa mjinga. Niache."

Akaligawa tumbo la Naga kwa chaki, vipande ishirini na sita, kila kimoja urefu wa mkono wake. Akakisafisha cha kwanza, akakipangusa kwa kitambaa cha maji ya bomba, akakikausha, akaenda kuchanganya rangi ya msingi. Hakukaa hata robo saa. Aliporudi, chuma kilikuwa kimeanza kutoa vidoa vidogo vya kutu, kimoja hapa, kimoja pale, kama tetekuwanga.

Mtu mwingine angetupa brashi. Tibra alilala pale chini akivitazama vile vidoa, na baadaye alisema kwamba hapo ndipo alipozikumbuka zile chembe nyeupe ndani ya gamba la Nuri. Akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha kwenye chuma, akakilamba.

Chumvi.

Akaenda kwenye bomba, akaonja na maji ya kitambaa. Chumvi ilikuwamo humo pia, si nyingi, lakini ilikuwamo. Maji ya visima virefu vya Suk Lahad hutoka ardhini ya moto na yenye ladha yake, na aliyezaliwa nayo haisikii tena. Alikuwa akimwosha Naga chumvi kwa chumvi.

*

Maji matamu pale nyumbani yalikuwa mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa na kufuli.

Mama yake Lazhar, Mahbuba, alikuwa mwanamke wa milimani Matmata. Alipochumbiwa na mtu wa oasisi, miaka sitini iliyopita, alitaka jambo moja lisilokuwa dhahabu: achimbiwe uani birika la kukusanya maji ya mvua, kama la kwao, kwa sababu maji ya huku, alisema, hata punda wa baba yake asingeyanywa. Alichimbiwa. Mvua ya mwaka mzima haikujaza nusu yake. Maji yake yalikuwa ya chai, na ya kuchemshia mbaazi ambazo kwa maji ya bomba huwa ngumu kama changarawe, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mahbuba mchana na usiku.

Tibra alimkuta ameketi juani, anasokota sufu.

"Mama, naomba maji ya birika."

"Ya chai?"

"Ya kumwosha Naga tumbo."

Pia ya kusokotea sufu ikasimama. "Hebu rudia. Masikio yangu yana miaka themanini na mbili."

"Ya kumwosha Naga tumbo, mama."

"Maji aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu kwa mkono wake, nimwoshee lori makalio?"

"Tumbo."

"Lori halina tumbo! Mbuzi ana tumbo!" Bibi akamgeukia mwanawe, aliyekuwa ananyatia mlango wa nje. "Lazhar! Huyu mkeo amepigwa na jua?"

Lazhar akasema kuna mtu anamwita, akatoweka. Hakuna mtu aliyekuwa anamwita.

Tibra hakubishana. Alirudi chini ya lori, akapitisha kitambaa kilicholowa juu ya chuma alichokikwangua asubuhi ile, akakikamulia kwenye kikombe cha kahawa, akamletea mama mkwe.

"Onja."

"Nionje nini?"

"Ncha ya ulimi tu, mama. Kisha uteme."

Mahbuba alikuwa na ulimi uliojulikana mtaa mzima. Aliweza kunywa chai nyumbani kwa mtu na kumwambia maji yametoka kisima gani. Huenda ni majivuno ya ulimi huo yaliyomshinda. Akachovya, akaonja, akatema mbali hadi kuku wakatawanyika.

"Umekamua bahari?"

"Nimekamua Naga. Hiyo ndiyo inayomla. Rangi inawekwa juu yake, nayo inaendelea kula humo ndani, hakuna anayeiona."

Bibi akausugua ulimi kwenye kaakaa. "Na kwa maji yangu itatoka?"

"Sijui, mama. Nataka kujaribu."

"Angalau hunidanganyi." Akaivua kamba ya ufunguo shingoni. Lakini hakumpa ufunguo. Aliinuka, akafungua birika mwenyewe, akateka ndoo moja mwenyewe, na akaagiza kigoda chake kiletwe kando ya gurudumu la nyuma. Maji yake hayatatumika hata tone moja, alisema, bila yeye kuwapo.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi, wanawake wale wawili, kwa siku kumi na mbili zilizofuata. Tibra alitia maji ya mvua katika chupa ya kupulizia nguo wakati wa kupiga pasi, ili yasipotee. Alikwangua kipande kimoja, akakipulizia, akakisugua, akakikamulia kitambaa kwenye kikombe, akakitoa kikombe nje kando ya gurudumu. Mkono wenye mikunjo ukakipokea. Sauti ya kutema. Kisha hukumu.

"Bado."

Tibra akapulizia tena, akasugua tena.

"Bado. Tena bado sana. Unasugua kama unambembeleza."

Akarudia.

"Hapa sasa. Hapa ni maji."

Hapo Tibra alichukua mashine ya kukaushia nywele aliyoiacha binti yake alipoolewa Gafsa, akakikausha kipande kile mpaka chuma kikawa na joto la mwili, na papo hapo akakipaka rangi ya msingi kwa brashi ndogo, akiisukuma ndani ya kila kona. Vipande viwili kwa siku, na siku nzuri vitatu. Asubuhi ya pili aliingia chini akiwa ameushika moyo. Cha jana kilikuwa kikavu, kijivu, kizima. Hakikuwa na doa hata la kiroboto.

Majirani waliendelea kuchungulia, ila sasa walikuwa wakiuliza. Ukuta wa uani ukawa kama mahali pa mkutano. "Bibi Mahbuba, kipande hicho kikoje?" "Kimejaa chumvi kama mdomo wako!" akajibu bibi bila kugeuka.

Siku ya sita ya kazi hiyo Tibra alikuwa anasafisha juu ya ekseli ya nyuma, mahali pabaya kuliko pote, penye upenyo wa kupitisha mkono mmoja tu, tena mrefu. Wake ulikuwa mfupi. Alikuwa amejaribu tangu asubuhi, amechubuka kiwiko, na alikuwa anaongea na Naga kwa maneno yasiyo ya mwanamke mwenye heshima, ndipo mchanga ulipokwaruza kando yake na mwili mzito ukajisukuma chini ya lori.

"Sogea," Lazhar akasema.

"Unataka nini?"

"Mkono wako haufiki pale. Nipe brashi."

Wakalala bega kwa bega. Alisafisha vibaya. Tibra akatazama, akamwambia hapa haitashika, rudi. Lazhar akarudi. Alirudi mara nne. Mara ya tano Mahbuba akaonja, akasema ni maji. Kuanzia siku hiyo wanaume wa mkahawani hawakumwona mpaka kazi ilipokwisha, na waliokuja kumcheka uani walipewa ndoo wabebe.

*

Siku ya ukaguzi, rangi nyeusi ya juu ikiwa imekwisha kukauka, Tibra alivaa gauni lake la kutokea, akapanda Naga upande wa abiria. Mkaguzi alikuwa yule yule kijana mwenye miwani. Akaingia shimoni na bisibisi yake, na kwa muda mrefu hawakusikia kitu ila tik, tik, tik. Alianza palipooza zamani. Akaenda pengine. Akaingiza taa nyuma ya mabamba, akapitisha ukucha kuzunguka ribiti, akarudi alipoanza.

"Mmepeleka wapi?" akauliza. "Safakis?"

Lazhar angeweza kusema ndiyo. Watu wengi huko Kibili wangesema ndiyo, ili wasilazimike kueleza. "Hatukupeleka popote," akasema. "Fundi ni huyo hapo, aliyevaa gauni la zambarau."

Kijana akatoa kichwa shimoni, akamtazama Tibra, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Shangazi," akasema, "shuka kidogo unionyeshe ulivyofika nyuma ya lile bamba."

Akashuka, gauni lake amelikusanya mkononi. Wakakaa shimoni wakizungumza, huyu akionyesha, yule akiuliza, mpaka madereva wa nyuma wakaanza kupiga honi. Tibra alipofika kwenye habari ya kikombe na mama mkwe, kijana alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akapiga muhuri.

Nuri alikuja Ijumaa ile, baada ya swala. Hakubisha hodi. Walimkuta uani amechuchumaa, kanzu yake nyeupe imefagia vumbi, kichwa amekiingiza chini ya Naga. Alikaa hivyo kwa muda ambao chai ingeweza kuiva.

"Ulitumia rangi gani?" akauliza alipotoka.

"Yako," Tibra akasema. "Lile kopo uliloliacha hapa siku ile."

Nuri akainama akatazama tena chini ya lori. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na alikuwa amepaka nusu ya magari ya mji ule. Tibra alisema baadaye kwamba alimheshimu kwa mara ya kwanza dakika ile, kwa sababu hakutafuta kisingizio. Akakung'uta kanzu. "Kuna lori la samaki la mtu wa Gabis," akasema polepole. "Nimelipaka mara tatu. Linanitia aibu. Wewe lisafishe, mimi nipake. Mkono wangu wa brashi ni mzuri, hilo huwezi kulikataa."

"Silikatai. Wangu ni mzito. Tazama nilivyoacha michirizi pale mbele."

"Nimeiona," Nuri akasema, na kwa hilo akajisikia vizuri kidogo.

Lori la samaki likaja, likinuka. Likafuata la kiwanda cha chumvi, kisha mawili ya manispaa. Nuri alichimba shimo la kazi katika karakana yake ili Tibra afanye kazi ameketi badala ya kulala chali, na akamwekea pazia la turubai, ambalo Tibra aliliondoa wiki ya kwanza kwa kuwa lilimzuilia mwanga. Mahbuba alionja malori tisa kabla hajafariki, kwa uzee tu, majira ya mavuno ya tende, akiwa na akili zake na ulimi wake. Siku za mwisho alilalamika kuwa lori la samaki lilikuwa limempotezea ladha ya chai, lakini kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa habari ya lori hilo tangu mwanzo hadi mwisho.

Tibra sasa ana miaka hamsini na tatu. Bega lake la kulia huuma hali ya hewa ikibadilika, na kuna unga wa kutu kwenye mistari ya viganja vyake usiotoka hata kwa hina. Madereva kutoka Gabis humwita Fundi Tibra, bila dada wala shangazi mbele yake, naye huitika. Anaonja mwenyewe, na hukiri kwamba ulimi wake haujafikia ule wa marehemu. Kwa hiyo huosha mara moja zaidi kila kipande, kwa tahadhari.

Naga bado anakwenda Shatti. Akirudi, Lazhar hamgusi kioo wala boneti kabla hajamaliza tumbo. Masika haya yaliyopita Tibra aliona doa juu ya springi ya kushoto, dogo kama punje ya dengu. Hakushtuka wala hakumlaumu mtu. Alivaa suruali, akaingia chini, akakwangua, akaosha, akaonja, akakausha, akapaka. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha nawa na kukaa mezani. Lazhar alikula naye haraka haraka, mkate mkononi, kwa sababu simu ilikuwa imeshalia: mwalimu mmoja wa Duz na familia yake walikuwa wamekaa juu ya paa la gari lao, katikati ya chumvi, wakipunga shuka.

"Rangi haijakauka vizuri pale kushoto," Tibra akamwambia. "Usiende kwa kasi kwenye tope."

"Watu wako juu ya paa, mama!"

"Watakusubiri. Wataenda wapi?"

Lazhar akacheka, akawasha lori, akatoka uani taratibu kama aliyebeba mayai.